Somo: Kuivisha maharage kwa kikapu cha joto

Ndugu wanachama, tangu nilipoamua kuishi kwa kiasi, kwa hiari yangu na si kwa kulazimika, nimegundua kwamba fedha nyingi za jikoni haziishii kwenye chakula bali kwenye moto. Sufuria ikishachemka, mkaa unaoendelea kuwaka hufidia tu joto linalotoroka ubavuni na kwenye mfuniko. Ukilizuia lisitoroke, maharage yataendelea kuiva yenyewe. Hapa kwangu Dar es Salaam kilo moja ya maharage ilikuwa ikimaliza makopo matatu ya mkaa, na sasa kopo moja linatosha hadi kuunga.

Hatua ya kwanza ni kikapu. Tafuta kikapu cha ukili chenye mdomo mpana, kinachoipita sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande. Nafasi hiyo uijaze sufi, au vipande vya nguo kuukuu, kisha ushone mto mnene wa kufunika juu. Mimi napendelea sufi kwa sababu ni nyepesi na haishikamani upesi. Sufi iliyolowa haizuii joto, kwa hiyo ianike juani kila wiki.

Hatua ya pili, loweka maharage usiku kucha na asubuhi uyamwage maji yale.

Hatua ya tatu ndiyo ninayowasihi msiifupishe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibika kwa mchemko wa nguvu tu, usiopungua dakika 10, na joto la kikapu peke yake haliwezi kuiondoa. Mimi huchemsha dakika 30 kamili, maji yakiyapita maharage kwa vidole viwili, kwa kuwa ndani ya kikapu maji hayakauki. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana yenye chakula kidogo hupoa haraka.

Hatua ya nne, iepue ikiwa bado inatokota, uizungushie kanga kuukuu ili masizi yasichafue sufi, uitumbukize kikapuni na kukandamiza mto juu yake. Usifunue kwa saa nne. Ukifunua kuchungulia, mvuke wote unatoka, na huo ndio moto wako.

Hatimaye irudishe jikoni, ichemke tena vizuri, ndipo utie chumvi, kitunguu na tui.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Arusha, na huku maharage husumbua kuiva. Je, muda ni uleule?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Chemsha dakika 45, na baada ya saa mbili irudishe motoni ichemke tena kabla ya kuifunika kwa mara ya pili.

Swali: Naweza kuyaacha humo tangu usiku hadi asubuhi?

Jibu: Hapana. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana, na kikapu hakiwezi kulinda joto hilo usiku kucha. Panga saa zako ili uyatoe yakiwa bado yanaunguza kidole.

Swali: Mume wangu anasema majirani watadhani tumefilisika. Nimjibu nini, dada?

Jibu: Ninakuelewa, mdogo wangu, kwa maana hata mimi nililisikia neno hilo nyumbani kwangu. Usibishane naye. Bei ya kila kopo ulilookoa itie kwenye kibubu mbele ya macho yake. Sisi mwezi wa tatu tulikivunja tukanunua gunia zima la mkaa, na ndipo tulipoona jinsi ununuzi wa kopo kwa kopo ulivyokuwa ukitunyonya miaka yote. Siku ya kwanza mpakulie kabla hujamweleza yalivyopikwa. Wangu alikula sahani mbili, akaomba aonyeshwe kikapu, na mto wa pili wa sufi ameushona yeye.