Ukiambiwa "hii ndiyo sarafu ya kwanza duniani", uliza haya

Niliwahi kubandika kwenye ukuta wa darasa kadi niliyojivunia sana: "Sarafu ya kwanza duniani: Croesus, mfalme wa Lydia, 600 KK." Ikakaa mihula miwili. Siku moja msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwenye daftari tumeandika Croesus alianza kutawala karibu 560 KK. Sasa hiyo 600 ni ya nani?" Nikabaki nimeshika chaki. Jioni ile nikaibandua kadi, na tangu hapo nina utaratibu wangu wa kupima madai ya namna hii. Nauandika hapa kwa mwalimu mwenzangu, kwa mwanafunzi, na kwa yeyote anayeletewa "sarafu kongwe kuliko zote" kwenye simu na anataka kujua aamini kiasi gani.

Anza kwa mikono kabla ya vitabu. Chukua kipande cha sabuni ya mche, uchonge kichwa cha simba kwa ncha ya msumari, kikiingia ndani ya sabuni. Weka juu yake tonge dogo la udongo wa mfinyanzi, kisha likandamize katikati kwa kijiti chenye ncha ya mraba. Libandue taratibu. Chini utakuta simba ametokeza. Juu utakuta shimo la mraba. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, simba niliyemchonga akitazama kulia alitoka akitazama kushoto, darasa zima likacheka. Lakini sasa umeelewa kwa nini sarafu za mwanzo za Lydia na miji ya Wagiriki wa Ionia, magharibi mwa Uturuki ya leo, zina picha upande mmoja na mashimo yasiyo na sura upande wa pili. Mhuri ulikaa chini kwenye fuawe, kipande cha metali kikawekwa juu, kikashindiliwa kwa patasi na nyundo.

Sasa swali la kwanza: huyu anayedai, sarafu kwake ni nini? Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na watu wengi huupita bila kuuona. Ukisema sarafu ni kipande cha metali chenye uzani maalumu, kilichogongwa mhuri wa mwenye mamlaka, basi Lydia na Ionia wanaongoza. Ukikubali pia metali iliyosubiwa katika kalibu kwa umbo moja, China inaingia uwanjani na sarafu zake za shaba nyeusi zenye umbo la sepetu na la kisu. Ukisema inatosha fedha kupimwa kwenye mizani na kukubalika sokoni, basi vipande vya fedha vilivyokatwakatwa, vilivyofukiwa kwenye vyungu huko Mashariki ya Kati, ni vya kale kuliko vyote hivyo, ila havina mhuri. Kuna hata maandishi ya Sennacherib, mfalme wa Ashuru aliyetawala 704 hadi 681 KK, anayejisifu kwamba alisubu sanamu kubwa za shaba kwa wepesi kama anayesubu vipande vya nusu shekeli. Wapo waliodaka hapo wakasema: sarafu hizo! Mimi naona shekeli ilikuwa kipimo cha uzani karne nyingi kabla ya sarafu, na kipande cha nusu shekeli chaweza kuwa jiwe la mizani tu.

Swali la pili ndilo zito, nalo ni hili: tarehe uliyopewa ni tarehe ya kitu gani? Sarafu hizo haziandikwi mwaka. Kinachopewa umri ni tabaka la udongo, au chungu kilichozibeba, au mkaa uliokuwa jirani. Chukua mfano wa Efeso, mji wa kale wa Ionia. Mwaka 1904 na 1905, D. G. Hogarth alichimba kwenye hekalu la Artemi kwa niaba ya jumba la makumbusho la Uingereza, akapata vipande 93 vya elektramu, yaani mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Vilikuwa chini ya hekalu kubwa ambalo Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasema Croesus alichangia nguzo zake nyingi. Kwa hiyo sarafu zile zilizikwa kabla ya ujenzi huo wa katikati ya karne ya 6 KK. Hapo wote wanakubaliana, na hapo kadi yangu ilikufa: elektramu ilishatumika Lydia kabla Croesus hajakalia kiti.

Lakini kabla kwa miaka mingapi? Hapo ndipo wanapovutana. Wataalamu wa zamani walisogeza hadi karibu 700 KK. Mwaka 1951 E. S. G. Robinson, mtaalamu wa sarafu za kale, akazishusha hadi miongo ya mwisho ya karne ya 7. Baadaye chungu kidogo kilichokuwa na sarafu 19 kikachunguzwa upya kwa umbo lake, na uchimbaji mpya ukasoma upya matabaka ya hekalu. Wengine sasa wanataja miaka ya 650 hadi 630, wengine hawavuki 600 kwenda nyuma. Angalia vizuri wanachobishania: umri wa chungu na umri wa sakafu. Na sarafu yenyewe ingeweza kutengenezwa miaka mingi kabla ya kutolewa sadaka. Mtu akikuandikia "635 KK" bila neno "karibu" mbele yake, mshuku.

Fanya zoezi hilo hilo na Guanzhuang, mkoani Henan, China. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Hao Zhao walitangaza kiwanda cha kusubia shaba ambamo walikuta kalibu za udongo za sarafu za sepetu na vipande vya sarafu zenyewe. Kwa kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa vitu kama mkaa na mifupa, wakasema utengenezaji ulianza kati ya 640 na 550 KK. Habari zikasambaa: "China yaipiku Lydia". Soma tena. Walichodai ni kiwanda cha sarafu kikongwe kuliko vyote vyenye tarehe ya uhakika. Kiwanda, pamoja na taka zake na kalibu zake, ni jambo tofauti na sarafu iliyookotwa hekaluni. Halafu upana wa tarehe ni miaka tisini, na sababu yake ni ya kimaumbile: kati ya 800 na 400 KK mstari unaotumika kugeuza kipimo cha kaboni kuwa miaka ya kalenda umelala karibu bapa, kwa hiyo vitu vya miaka tofauti sana hutoa vipimo vinavyofanana. Bahati mbaya iliyoje, kwamba kipindi hicho ndicho sarafu zilipozaliwa!

Pima pia shahidi. Herodotus anaandika kwamba watu wa Lydia ndio wa kwanza "tunaowajua" kugonga sarafu za dhahabu na fedha. Neno hilo "tunaowajua" nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Aliandika karne ya 5 KK, karibu miaka mia mbili baada ya tukio, na hataji elektramu. Huenda alikuwa akizisema sarafu za Croesus, zilizotenganisha dhahabu safi na fedha safi. Wagiriki wengine walimpa heshima hiyo Pheidon, mtawala wa mji wa Argos huko Ugiriki, wakisema aligonga sarafu kisiwani Aegina. Sarafu za Aegina zenye kasa ninazipenda mno, lakini hazifiki nyuma ya karne ya 6, na Pheidon mwenyewe waandishi wa kale walimrusha huku na huku kwa karne nzima. Huyo muweke kando.

India nayo ina wadai wake, kwa vipande vya fedha vilivyogongwa alama nyingi ndogondogo. Hazina iliyofukuliwa Chaman Hazouri, Kabul, mwaka 1933 ilikuwa na vipande hivyo pamoja na sarafu za Kigiriki, na ilifukiwa mwanzoni mwa karne ya 4 KK. Ni ushahidi mzuri, ila hautoshi kuvipeleka hadi karne ya 7.

Mwisho, chunguza metali na maandishi, maana hapo ndipo sababu ya sarafu kuzaliwa inapochungulia. Elektramu ya asili ina dhahabu nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 70; sarafu za simba za Lydia zina kama 55, na shaba kidogo imetiwa. Kuna mtu aliyekuwa akichanganya makusudi. Mnunuzi angejuaje dhahabu ni kiasi gani kwa kutazama tu? Mhuri wa simba ndio uliomwambia apokee kwa thamani iliyopangwa. Kuhusu majina, usikimbilie wafalme. Moja ya sarafu za kale zaidi zenye maandishi ya Kigiriki ina paa dume na maneno "mimi ni alama ya Phanes". Phanes ni nani? Mfalme, tajiri au sonara, hakuna aliyethibitisha.

Kadi mpya iko ukutani sasa, kwa herufi ndogo maana maneno yameongezeka: "Sarafu za elektramu za Lydia na Ionia, karibu 650 hadi 600 KK, za kwanza kugongwa mhuri kati ya tunazozijua. Tazama pia: Guanzhuang, China, za kusubiwa, 640 hadi 550 KK." Msichana wa dawati la mbele aliisoma, akaniuliza kwa nini "karibu" nimeiandika mara moja tu. Nikarudi kuchukua kalamu.