Jinsi ya kujua fanicha kuukuu ilitoka wapi na ina umri gani

Muuzaji wa Ngong Road akikuambia kabati ni la mzungu wa zamani, mshukuru, kisha umwombe ruhusa ulilaze chali. Nimenunua na kukarabati fanicha kuukuu Nairobi kwa miaka mingi, na majibu karibu yote nimeyapata mahali ambapo fundi hakutarajia mtu achungulie. Uso wa meza hupigwa msasa na vanishi kila inapobadilisha mwenyewe. Tumbo lake haliguswi.

Beba tochi, bisibisi, tepu ya kupimia na kioo cha kukuzia.

Hatua ya 1: Skrubu na misumari

Fungua skrubu moja, ya bawaba au ya kitasa. Zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1850 hivi zina ncha butu, na mfereji wa kichwani mara nyingi umekaa upande. Yenye ncha kali na mfereji uliokaa katikati imetoka kiwandani baadaye. Ukiona kichwa cha nyota, hiyo ni ya miaka ya 1930 au baada ya hapo. Lakini usikate hukumu kwa skrubu moja, maana bawaba hubadilishwa. Chunguza mbao inayoizunguka: ukiona tundu la zamani lililozibwa kando ya lile jipya, au alama ya bawaba iliyokuwa kubwa zaidi, basi umri wa bawaba si umri wa kabati. Misumari nayo, ile ya waya yenye mwili wa mviringo ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Ya kale zaidi ina mwili wa pembe nne.

Hatua ya 2: Droo

Itoe kabisa uigeuze. Tazama pembeni mbao mbili zinapoumana kwa meno, yale ambayo mafundi huyaita dovuteli. Meno yaliyolingana yote yamekatwa na mashine. Yanayopishana unene yamekatwa kwa mkono, na kando yake utaona mkwaruzo mwembamba ambao fundi alichora kujipimia. Vitabu vingi vya Uingereza vitakuambia meno ya mkono ni dalili ya ukale. Hapa kwetu usiamini hilo peke yake, kwa sababu mafundi wetu wanayakata kwa mkono hadi leo, tena vizuri.

Kisha angalia sakafu ya droo. Plaiwudi inakuweka karne ya 20. Chipbodi inakuweka baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Hatua ya 3: Mbao iliyofichwa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Fundi hutumia mbao ya bei kwa mbele, na ndani anatumia inayopatikana kwao. Kwa hiyo mbao ya ndani ndiyo inayotaja nchi. Kabati la Uingereza huwa na msonobari au mwaloni ndani ya droo. La India, msaji. La kwetu, podo, kamfa au mtarakwa.

Niliwahi kuuziwa kabati la droo nne kwa maelezo kwamba lilikuja kwa meli kabla ya Vita vya Kwanza. Mbele lilikuwa mvule mzuri. Nilitoa droo ya chini, nikakwaruza ndani kwa ukucha, nikanusa: harufu ya penseli iliyochongwa. Huo ni mtarakwa, ambao mafundi huuita sida. Mgongo ulikuwa podo, mbao ya manjano hafifu isiyo na michirizi. Na nyuma ya kila droo kulikuwa na namba ya penseli, 1 hadi 4, kwa tarakimu za Kigujarati. Kabati lilitengenezwa huku huku kwetu, kwenye karakana ya Wahindi. Na kwa kuwa Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli, cha kutengenezwa hapa hakiwezi kuwa na umri zaidi ya huo. Mimi kabati lile nalithamini kuliko lingekuwa la London.

Hatua ya 4: Vipimo na alama

Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Pima meza ya duara pande mbili. Ya zamani huwa imepishana kidogo. Tafuta chapa: CC41 ni fanicha ya Uingereza ya wakati wa vita hadi 1952. Herufi Rd No kwenye kitasa au mshikio ni usajili wa Uingereza ulioanza 1884.

Hatua ya 5: Vitu vya pwani

Makasha mengi yanayoitwa ya Zanzibar, yenye vichwa vya misumari ya shaba, yaliletwa kwa majahazi kutoka Surat na Bombay. Kiti cha enzi cha Lamu, chenye mgongo wa kamba zilizosukwa, kikague nakshi nyeupe kwa kioo: mfupa una vidoa vyeusi vidogo, pembe ya ndovu haina. Ikiwa ni pembe, usinunue, maana kuimiliki bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Na kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kinalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006. Hakitoki nchini bila kibali. Kipeleke Makumbusho ya Taifa kikaguliwe kabla hujamwahidi mteja wa ng'ambo.