Namna ya kusteini vipokezi vya kemokaini kwenye seli za kinga, na barafu ikae mbali kwanza

Wenzangu wa maabara wa Unguja na Pemba, hili naliandika kwa urefu kidogo maana naona watu waliozoea kusteini (kutia rangi) alama za juu ya seli kama CD3, CD4 na CD8 wakihamia vipokezi vya kemokaini, yaani protini zinazoita seli ziende mahali, kama CCR7 au CXCR3, wanafata njia ile ile, kila kitu kwenye barafu, mwisho wanapata mlima mmoja tu kwenye grafu ya flo saitometa (mashine inayosoma seli moja moja kwa rangi zake) haujulikani positivu unaanzia wapi negativu unaishia wapi, basi lawama zote inabebeshwa kingamwili, ile protini yenye rangi inayonata kwenye alama. Mara nyingi kingamwili haina kosa lolote.

CD4 imekaa juu ya seli imetulia. Kipokezi cha kemokaini hakitulii. Kimepenya utando wa seli mara saba, kikikutana na kemokaini yake kinazama ndani, halafu vingi vyao vinarudi tena juu, na hata bila kuguswa na kitu kuna ambavyo vinazunguka hivo hivo ndani nje. Kwa hiyo wakati wowote ule sehemu yake iko ndani ambako kingamwili yako haifiki. Ukiiweka seli kwenye barafu huo mzunguko unasimama, unashika vile vilivyokuwa nje tu. Ukisteini kwenye joto la mwili, nyuzi 37, vinavyotoka ndani navyo vinashikwa vikifika juu. CCR7 ndo utaiona tofauti kubwa zaidi.

Na CCR7 si kitu cha kubahatisha, hiyo pamoja na CD45RA ndo inayotugawia seli T mafungu yake: zile ambazo hazijakutana na adui, kumbukumbu za kati, kumbukumbu za mstari wa mbele, na zile zilizorudisha CD45RA. CXCR5 inakuonesha seli T zinazosaidia seli B, CXCR3 inaelekea Th1, CCR4 Th2, CCR6 Th17 (hayo ni makundi ya seli T za CD4). CCR5 na CXCR4 ndo milango ya virusi vya Ukimwi iliyojulikana mwaka 1996. Kwa anayefanya kazi ya kichocho na minyoo huko Pemba, hizi namba zina maana sana, zikikosewa utafiti mzima umepotea.

Tuanze na damu. Tyubu ya heparini au ya EDTA (dawa za kuzuia damu isigande), chagua moja usichanganye ndani ya utafiti mmoja. Isiwekwe kwenye barafu, na isiachwe garini. Protokali ikisema joto la chumba inakusudia nyuzi 20 hadi 25, si chumba chetu cha mwezi wa Februari kaskazi limekaza na AC haipo. Kama damu inatoka Micheweni au Mkoani kuja Chake, itie kwenye kuliboksi lakini pakiti za barafu zifungwe kitambaa zisigusane na tyubu, na kama inavuka na boti kwenda Unguja panga safari ifike na ianze kufanyiwa kazi siku ile ile. Seli zilizogandishwa zinafaa pia, ila kuna vipokezi vinavyopungua zikigandishwa, kwa hiyo ukizitoa zipumzishe kwenye inkubeta masaa kadhaa ndani ya midia kabla ya kusteini, na usilinganishe mgonjwa aliyefanyiwa fresh na aliyefanyiwa za kugandisha.

Kingamwili zenyewe ndo zinataka baridi, friji ya nyuzi 2 mpaka 8, na kamwe zisiende friza maana PE na APC, rangi zinazounganishwa na kingamwili, ni protini, zikiganda zinaharibika. Zile rangi za kuunganisha mbili kama PE-Cy7 na APC-Cy7 zifunike na foili, mwanga unazivunja. Na habari ya umeme tusiifanyie mzaha, waliokuwepo wanakumbuka Disemba 2009 waya wa chini ya bahari ulivyoharibika Unguja ikakaa kama miezi mitatu gizani. Weka themomita inayohifadhi joto la juu na la chini kabisa, isomwe kila asubuhi.

Kuchagua rangi: kipokezi hafifu kipe rangi kali. CCR7, CXCR3, CCR6 zipe PE, APC au BV421, halafu CD3 ambayo ipo kwa wingi ndo uipe FITC. Andika na klonu (ukoo wa kingamwili, upo kwenye lebo) kwenye daftari. CCR7 ya klonu G043H7 na ya 150503 si lazima zikupe asilimia moja, ukianza na moja maliza nayo. Kisha titresheni, yaani kujaribu vipimo tofauti vya kingamwili: kipimo cha kampuni, nusu, robo, thumuni, chukua kile kinachotenganisha vizuri positivu na negativu, mara nyingi siyo kile kikubwa kabisa na chupa hizi ni ghali.

Sasa kusteini, kwa PBMC (seli nyeupe zilizotenganishwa na damu) kama milioni moja. Osha na PBS tupu, tia rangi ya seli zilizokufa, osha tena kwa baffa ya PBS na seramu asilimia 2. Tia Fc bloku, ya kuzuia kingamwili zisinate pasipotakiwa, dakika 10, usiiruke, maana kwenye joto monositi zinadaka kingamwili hovyo. Halafu vipokezi vya kemokaini PEKE YAKE, inkubeta nyuzi 37, dakika 15, gizani. Baffa ya hapa isiwe na azaidi (dawa ya kuzuia baffa isiote vijidudu) kwa sababu azaidi inaifanya seli ikose nguvu ya kuzungusha vipokezi, joto lote linakuwa bure. Baada ya hapo ndo ongeza CD3, CD4, CD45RA na wengine, dakika 20 hadi 30 kwenye baridi, na hapa barafu ruhusa. Osha mara mbili, sentrifuji 400 g dakika 5. Kama lazima ufiksi (kuzikausha seli zibaki kama zilivyo), fiksi mwisho, paraformaldehaidi asilimia 1, isome mapema kesho yake isipite.

Mashine ndogo za kuhesabu CD4 tu hazitoshi kwa kazi hii, unahitaji flo saitometa yenye chaneli za kutosha.

Kuweka geti, yaani mpaka wa positivu na negativu kwenye grafu, usikadirie kwa macho. Tengeneza FMO, yaani tyubu yenye rangi zote isipokuwa ile moja unayoitafutia mpaka, kwa sababu CCR6 na CXCR3 hazina bonde safi katikati. Ila kipimo ninachokipenda zaidi ni cha bure kimo ndani ya tyubu hiyo hiyo: ongeza CD19, alama ya seli B, maana seli B za kwenye damu karibu zote zina CXCR5 na nyingi zina CCR6. Seli T changa (zile ambazo hazijakutana na adui) zenye CD45RA na CD27 karibu zote ziwe na CCR7, na hizo hizo zisiwe na CCR5. Seli za NK (seli za kuua) zenye CD56 hafifu zisiwe na CCR7. Ukiona seli T changa nusu yake hazina CCR7, usiandike kwamba mgonjwa amepungukiwa, kaangalie inkubeta ilikuwa nyuzi ngapi na damu ilikaa wapi njiani, kisha sampuli hiyo irudiwe.