Kabla ya kugawa pedi za kufua, tazameni kamba ya kuanikia

Vikundi vingi vya kujitolea, vya hapa Moshi na vya wageni kutoka nje, vinapotaka kuwashonea wasichana wa shule pedi za hedhi za kufua, huanza kwa kununua kitambaa. Ni afadhali kuanza kwa kwenda shuleni kumwuliza matroni mambo mawili: maji yanapatikana wapi, na binti ataanika wapi. Pedi inayovaliwa ikiwa na unyevu hunuka na huweza kuwasha ngozi, na wakati wa ukungu wa Juni na Julai huku miteremkoni Kibosho, kitambaa kinene hukawia sana kukauka.

Ndiyo maana mshono wa sehemu mbili unafaa zaidi. Shirika la Days for Girls, lililoanzishwa na Mmarekani Celeste Mergens mwaka 2008, liligawa kwanza pedi za kutupa nchini Kenya, likakuta wasichana hawana pa kuzitupa, ndipo likageukia za kufua. Katika mshono wake huo wa sehemu mbili, ala yenye kitambaa kisichopitisha maji hufungwa kwa vifungo chini ya chupi, na ndani yake huingizwa kitambaa cha flaneli, yaani pamba laini, kilichokunjwa. Kitambaa hicho kikikunjuliwa na kuanikwa, apitaye uani huona leso ya maua tu. Chagueni rangi za giza zenye maua, na mfue kitambaa kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hunywea. Flaneli mnaweza kuitafuta katika mitumba ya soko la Memorial, hapa Moshi.

Katika kila mfuko wekeni pia chupi mbili na sabuni ya kipande. Chupi husahauliwa mno, ilhali bila chupi pedi haina pa kushikia.

Siku ya kugawa, nendeni na beseni. Mimineni juisi ya rosela isiyo na sukari juu ya pedi, waone kwamba haivuji, kisha mmoja wao aifue mbele ya wenzake kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha doa la damu, na aianike juani. Somo hili litolewe na mwanamke anayezungumza Kiswahili bila mkalimani. Picha za wasichana walioshika pedi zisipigwe, hata kama mfadhili ameziomba.

Baada ya miezi mitatu rudini bila mizigo, mkaulize ni pedi ngapi bado zinatumika na vifungo vipi vimeng'oka, kabla hamjashona nyingine.