Kapu la Joto: Kutumia Mabaki ya Vitambaa Kuivishia Maharage Majira ya Baridi

Kila mshonaji hujikuta na mfuko uliojaa vipande visivyotosha hata foronya moja, na majira ya baridi huleta hamu ya vyakula vizito vinavyohitaji kukaa motoni kwa muda mrefu. Mahitaji haya mawili yanakutana katika kapu la joto, yaani kapu lililozungushiwa mito ya nguo, ambalo hupokea sufuria ikiwa bado inatokota na kuendelea kuivisha chakula bila moto kwa saa kadhaa. Kinachozuia joto lisitoroke ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na ndiyo maana mabaki madogo kabisa ndiyo yenye thamani kubwa katika kazi hii.

Hatua ya 1: Kuchambua mabaki

Tenga vitambaa vya pamba kwa ajili ya upande utakaogusa sufuria, kwa sababu nyuzi za viwandani kama poliesta na nailoni zinaweza kulainika na kuharibika zikigusana na chuma kilichotoka motoni. Usipokitambua kitambaa, choma uzi wake mmoja juu ya bakuli lenye maji: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Fua pamba yote kabla ya kuikata, ili isije ikajikunja mito ikishakamilika.

Hatua ya 2: Kupima na kukata

Vipimo vifuatavyo ni vya sufuria yenye upana wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 16 pamoja na kifuniko. Kama ina mikono, pima upana kutoka mkono hadi mkono. Mto wa ubavuni utakuwa na unene wa sentimita 8 kila upande, kwa hiyo mzingo wa kuzingatia ni ule wa nje: jumlisha 24 na 16 (yaani unene wa 8 mara mbili, si kimo cha sufuria), zidisha kwa 3.14, kisha ongeza sentimita 10 za mishono na za kutuna kwa mto. Utapata takriban sentimita 135. Ukipima mzingo wa sufuria yenyewe, mto utakuwa mfupi na utaacha pengo ambamo joto lote litapita.

Unahitaji mistatili miwili ya sentimita 135 kwa 25 na miduara minne yenye upana wa sentimita 50, miwili kwa mto wa chini na miwili kwa mto wa juu. Vipande hivi vikubwa hupatikana kwa kuunga viraka: kata mabaki yawe na upana wa sentimita 10 na urefu wowote, yaunganishe yawe ukanda mrefu, piga pasi, halafu shona kanda hizo ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 3: Kushona na kujaza

Weka vipande viwili viwili, nyuso zikitazamana, shona pembeni kwa kuacha sentimita 1.5, na uache mwanya unaopitisha mkono. Usipitishe mishono ya urembo katikati ya mto, hata kama inapendeza, kwa kuwa kila mshono unaopenya hadi upande wa pili hubana ujazo na kufungua njia ya joto kutoka.

Kwa ujazo, katakata mabaki yaliyosalia yawe vipande vya sentimita 2 au 3. Fulana chakavu, sweta na blanketi la sufu ni bora kuliko pamba iliyofumwa kwa kubana, kwa sababu hurudi kutuna baada ya kukandamizwa. Jaza hadi mto usimame wenyewe lakini bado ubonyee, kwani mto ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu hauna hewa. Ziba mwanya kwa mkono, kisha panga mito ndani ya kapu au boksi lenye upana wa sentimita 45 hivi.

Hatua ya 4: Kulijaribu kwa maji

Chemsha sufuria ya maji iliyojaa robo tatu, ifungie ndani ya kapu, na baada ya saa 4 pima joto. Likiwa chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, ongeza ujazo kabla ya kupikia chakula, kwa sababu chini ya kiwango hicho bakteria huweza kuzaliana.

Hatua ya 5: Kupika maharage

Loweka gramu 700 za maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha weka maji mapya lita 2.5, vitunguu, karoti na kitunguu saumu. Chemsha kwa nguvu kwa dakika 30. Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko kamili lakini hustahimili joto la wastani la kapu. Nyanya zisubiri, kwani uchachu huchelewesha maharage kulainika.

Sufuria ikiwa inatokota na imefunikwa, ihamishe bila kukawia, funika kwa mto wa juu, na usifungue kwa saa 3 au 4. Kila ukichungulia, mvuke hutoka na hakuna moto wa kuurudisha. Kisha irudishe jikoni, tia nyanya na chumvi, na uchemshe tena hadi mchuzi uwe mzito. Usiiache kapuni usiku kucha.

Baada ya kupakua, toa mito yote na uianike mahali penye hewa, maana mvuke huingia ndani ya ujazo, na nyuzi zenye unyevu hupoteza joto upesi na kuota kuvu.