Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujafungua Injini ya Pikipiki ya Zamani Iliyotelekezwa

Injini iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa inaonyesha ndani yake ni kitu gani kiliiangusha. Rangi ya oili, chenga za chuma zilizotulia chini, masizi juu ya pistoni, kutu iliyoshika upande mmoja tu wa silinda, vyote ni ushahidi. Wengi wakishaipata pikipiki ya namna hii hukimbilia brashi na karai, wanaosha mpaka inang'aa, halafu wanabaki kubahatisha ni beringi ipi ilikuwa inalia. Kwa hiyo kila ninachokishauri hapa kinalenga jambo moja: usiuoshe uchafu kabla hujausoma.

Kwanza ijue injini yenyewe. Soma namba iliyogongwa kwenye mwili wake, kisha tafuta kitabu cha ufundi cha modeli hiyo hiyo pamoja na kitabu cha vipuri chenye michoro ya vipande vilivyotenganishwa. Mimi nikilazimika kuchagua kimoja naanza na cha vipuri, maana mchoro unakuonyesha washa ipi, kile kipete bapa cha chuma, inakaa nyuma ya gia ipi. Angalia pia krenkikesi, ule mwili wa chini unaobeba krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), imegawanyika vipi. Injini nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 hupasuka wima, kushoto na kulia. Za Kijapani za silinda nne, kama ya Honda CB750 iliyotoka mwaka 1969, hugawanyika kwa ulalo, juu na chini. Ile ya ulalo ukiondoa nusu yake ya chini, krenki na gia unazikuta zimelala mahali pake. Ile ya wima inataka umakini zaidi, kwa sababu washa nyembamba inaweza kubaki imegandia ukutani kwa oili usiione, au ikadondoka usijue ilitoka wapi.

Suala la spana lichukue kwa uzito, maana nati na skrubu nyingi hufa kwa zana isiyo yake kuliko kwa kutu. Pikipiki za zamani za Uingereza hutumia spana za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo namba yake inataja unene wa bolti na si upana wa kichwa. Spana ya milimita inayokaribia tu italegealegea na kula kona za nati. Harley-Davidson za zamani ni za inchi. Za Kijapani ni milimita, lakini skrubu za kava zake zina msalaba wa JIS, yaani wa kiwango cha viwanda cha Japani, unaofanana mno na Phillips, ile nyota ya kawaida. Ukiiangalia kwa karibu bisibisi ya Phillips ikiwa ndani ya skrubu hiyo, utaona haijazama hadi chini. Ukikaza mkono inapanda, inaruka, na msalaba unageuka tundu la duara. Tafuta bisibisi za JIS zenyewe, na ile ya kugongwa kwa nyundo ambayo hugeuka kila inapopigwa. Pula ya magneto, kifaa cha kuvutia rota (gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme), nayo iwe ya modeli yako, usije ukaing'oa rota hiyo kwa kuipiga. Kisha pitia kitabuni nati zenye uzi wa kushoto, zile zinazofunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa unavyokwenda, uziandike kabisa kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Ukizikosea, unazidi kuzikaza huku ukidhani ni kutu.

Injini ikiwa bado kwenye fremu, legeza nati ngumu za klachi, sproketi na rota. Weka gia ya juu, mwenzako akanyage breki ya nyuma, wewe fungua. Ukishaishusha mezani hakuna tena cha kuizuia isizunguke.

Kama imeshika na haizunguki, usiruke kwenye kiki. Nguvu yote itaishia kwenye meno ya gia za kiki, na hizo kwa modeli za zamani ni ngumu kupatikana. Toa plagi, mimina mafuta ya kupenya kutu ndani ya silinda, uache siku kadhaa ukiongeza yanapokauka. Mafundi wengi hupenda mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu. Unafanya kazi, ila asetoni hushika moto upesi, hivyo uchanganye nje, mbali na cheche. Baada ya hapo tia gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kidogo kidogo, na usikilize.

Sasa oili. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Andaa karai safi, kitambaa cheupe cha kuchujia, na sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Fungua bolti ya kumwagia na uache oili ipite kwenye kitambaa polepole. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Tandaza kitambaa juani na upitishe sumaku. Chenga zinazorukia mfuko ni chuma cha gia au cha beringi. Vumbi la njano lisiloitika sumaku ni bushi za shaba. Vipande vya kijivu, vyepesi, navyo haviiitiki, ni aluminiamu, na hapo uanze kuifikiria pistoni. Piga picha, weka kitambaa hicho kwenye mfuko na uandike tarehe. Utakirudia ukishaifungua injini yote.

Mwenye Triumph au BSA ya zamani ya silinda mbili ana jambo moja zaidi. Ndani ya krenki yake kuna mrija wa kunasia tope, kwa kuwa injini hizo hazikutengenezwa na chujio la karatasi. Krenki ikizunguka, uchafu mzito hutupwa pembeni na kuganda humo miaka nenda rudi. Ukiiosha krenki bila kuufungua mrija huo, sabuni hulegeza tope, na oili mpya huja kulisukuma kwenye beringi za konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Kifuniko chake kimekazwa na mara nyingi kimepigwa alama ya kukizuia kisilegee, hivyo jiandae kuitoboa alama hiyo kwanza.

Kuhusu vitu vya kuoshea, petroli iondoe kabisa kwenye hesabu. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Mafuta ya taa yanaosha vizuri na yana hatari ndogo zaidi, ingawa nayo yanataka mlango wazi na glavu za naitraili. Magadi makali ya kufungulia mabomba yanakula aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni. Vimiminika vya kusafishia breki vyenye klorini visikaribie kabisa kitu kitakachopashwa moto au kuchomelewa, kwani hutoa fosjini, gesi ya sumu.

Gasketi, sahani za klachi na bitana za breki za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Zilowanishe kwanza, zikwangue kwa kikwanguo cha plastiki au mti zikiwa bado na maji, na kompresa isipulize vumbi lake. Kiota cha panya ndani ya chujio la hewa nacho kilowanishe kabla ya kukigusa. Usiruhusu pia mtu akushawishi kuisafisha krenkikesi kwa kuipulizia mchanga. Chembe hujificha kwenye njia za oili na kutoka siku injini inapowaka. Hata pedi za kusugulia nyuso za gasketi huacha unga mkali unaomaliza beringi.

Kabla ya kufungua kava ya kwanza, chora umbo lake kwenye kadibodi na utoboe matundu, ili kila skrubu ikae tunduni mwake, maana urefu wake hutofautiana. Vali, pushirodi (fimbo zinazosukuma vali) na springi zipewe nafasi zenye namba, kwa sababu zimeshazoeana na mahali zilipokuwa zikifanya kazi. Utakapotoa klipu ya pini ya pistoni, mdomo wa krenkikesi uwe umezibwa kwa kitambaa safi isije ikadondokea ndani, na klipu hizo zisirudishwe, ziagizwe mpya. Ulizia pia upatikanaji wa seti ya gasketi, sili na ringi kabla hujafungua, usije ukakaa na injini wazi mwaka mzima ikingoja kifurushi.

Mwisho, andaa oili nyepesi na mifuko ya kufungia siku ile ile ya kuosha. Silinda ya chuma cha kutupwa ikishasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni huanza kuota kutu ndani ya dakika chache. Ikaushe haraka, ipake oili kila mahali ikiwa bado na joto, uifunge, na uandike juu ya mfuko ni ya upande upi.