Faida ipo, hela haipo: hesabu za kwanza za mwanachuo anayeuza mitumba

Ninatunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam. Wanachuo wanaoniletea madaftari yao huniuliza swali lilelile: "Nimeuza sana, mbona hela siioni?" Shika kalamu tuifuate hesabu hii pamoja. Bei ni za mfano, wewe weka zako.

Hatua ya 1: Tenga hela ya kula na mtaji

Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu, la siku 60, kwa shilingi 10,000 kwa siku, ni 600,000. Kumbuka ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kuulipa. Lipa kodi ya chumba kwanza, tuseme 120,000. Zinabaki 480,000, yaani 8,000 kwa siku. Ukila kwa 5,500 na kubana 2,500, siku ya 60 una mtaji wa 150,000.

Mtaji huo uuweke kwenye laini nyingine ya simu. Wengi huniambia wanazitenganisha kichwani. Haiwezekani. Hela zikikaa pamoja, chipsi mayai za usiku zitalipwa na mashati, na hutajua umekula mtaji lini.

Hatua ya 2: Andika kila kinachotoka

Umekwenda soko la mitumba la Karume, Ilala, ukachagua mashati 20 kwa 6,000 kila moja: 120,000. Nauli 4,000, sabuni na pasi 6,000, bando la kupostia picha 5,000. Matumizi hayo ni 15,000. Kwenye laini ya biashara zimebaki 15,000.

Hatua ya 3: Jua shati la ngapi linarudisha matumizi

Unauza 10,000. Ukitoa 6,000 ya kununulia, kila shati linakuachia 4,000. Gawa 15,000 kwa 4,000: unapata 3.75, kwa hiyo ni shati la 4. Kuanzia la 5, zile 4,000 zote ni faida.

Hatua ya 4: Pima faida, kisha hesabu hela taslimu

Hapa ndipo jibu la lile swali lilipo, usipite haraka.

Mwisho wa mwezi umeuza mashati 18. Waliolipa ni 14, wanne wamechukua kwa mkopo, mawili hayajatoka.

Mauzo: 180,000.
Toa gharama ya mashati 18 yaliyouzwa: 108,000.
Toa matumizi: 15,000.
Faida: 57,000.

Sasa fungua simu. Zilikuwepo 15,000, zimeingia 140,000, jumla 155,000. Ulianza na 150,000, kwa hiyo hela taslimu imeongezeka 5,000 tu. Hakuna aliyekuibia. Shilingi 40,000 ziko kwa wadaiwa wanne, 12,000 zimekaa kwenye mashati mawili, na 5,000 ziko mkononi. Jumlisha: 57,000.

Kwa hiyo unachoweza kutoa leo kwa matumizi yako ni 5,000. Ukitoa 57,000 kwa sababu daftari linasema ndiyo faida, unabaki na 98,000. Safari ijayo Karume hutafikisha mashati 20, hata nauli usipoihesabu. Hivyo ndivyo mtaji unavyokatika kwa mtu ambaye biashara yake inalipa. Nimeona vijana wenye bidii wakiacha biashara nzuri kwa kosa hili, na huwa inaniuma.

Hatua ya 5: Dai kabla ya kukopa

Hela ikibana, mkopo wa simu uko karibu. Tuseme unakopa 50,000 na kutozwa asilimia 10 kwa siku 30. Ada ni 5,000, yaani hela taslimu yote uliyoongeza mwezi mzima. Ukiurudia kila mwezi, kwa mwaka umelipa asilimia 120.

Wadaiwa wanne wana 40,000 zako, na hazina riba. Andika jina, kiasi na tarehe ya kulipa mbele ya mteja, siku anapochukua shati. Tarehe ipangwe karibu na siku bumu linapoingia, umpigie asubuhi hiyohiyo kabla hajaenda mjini.